Mizani ya Bei Chee Itakula Hela ya Nyumbani

Ndugu zetu mlioko Diepsloot, leo tuongee habari ya mizani. Vikundi vya akiba, uite kikoba, chama au stokvel, siku hizi havitaki tu kugawana hela ya Disemba. Vinataka biashara. Na biashara iliyo karibu na mlango ni kununua chupa za plastiki, maboksi, makopo na vyuma chakavu kwa vijana wanaosukuma matoroli kutoka Fourways na Dainfern. Kifaa cha kwanza hapo ni mizani, na ndipo watu hubana hela mahali pasipostahili.

Msimamo wetu ni huu: bora mchange miezi miwili zaidi mnunue mizani iliyohakikiwa, kuliko kuanza kesho na mizani ya kubahatisha.

Tufanye hesabu. Tuseme mizani inazidisha kilo 2 kwa kila gunia la kilo 40, nanyi mnanunua magunia 20 kwa wiki, randi 5 kwa kilo. Mmelipia kilo 40 ambazo hazipo. Hiyo ni randi 200 kila wiki, kama randi 800 kwa mwezi, hela ambayo ingekwenda nyumbani kulipa ada. Mizani ikipunguza, anayeumia ni kijana aliyesukuma toroli tangu alfajiri. Akigundua harudi, na wenzake watajua.

Kwetu tunaijua dhuluma hii. Mkulima wa Tanzania amelizwa na lumbesa miaka na miaka, mpaka Wakala wa Vipimo wakawa wanaisaka barabarani na sokoni. Tusije huku tukawa sisi ndio wenye lumbesa.

Afrika Kusini nayo ina sheria yake, Legal Metrology Act ya 2014, inayosimamiwa na NRCS. Mizani ya kununulia au kuuzia lazima iwe ya aina iliyoidhinishwa na iwe imehakikiwa. Ile ya jikoni au ya kupimia uzito wa mwili haihesabiki. Na kabla hata ya mizani, kumbukeni kwamba muuza vyuma chakavu anatakiwa kusajiliwa polisi, kwa sheria ya bidhaa zilizotumika ya 2009.

Dukani, msiangalie rangi wala taa za namba. Someni kibao cha mizani. Tafuteni namba III ndani ya duara la yai, ndiyo daraja la biashara ya kawaida. Someni Max, uzito wa juu, na Min, uzito wa chini. Mizani ya kilo 150 yenye hatua za gramu 50 ina Min ya kilo 1. Kwa hiyo msipimie shaba ya nusu kilo juu yake. Shaba ni ghali, itafutieni mizani ndogo, mfano ya kilo 30 yenye hatua za gramu 10. Na kwa kuwa umeme hukatika, iwe na betri.

Mafundi wa ujenzi, hapa mnatuzidi: wekeni mizani kwenye zege, mpige pimamaji. Mizani iliyopinda haisemi kweli. Kila asubuhi hakikisheni inaonyesha sifuri. Kisha chukueni mzigo mmoja, mpime katikati na kwenye kona zote nne. Namba zikitofautiana sana, acheni kununua mzigo, iteni fundi aliyeruhusiwa. Msifungue wenyewe, mkivunja lakiri uhakiki umekufa. Na gunia lishushwe taratibu, lisitupwe.

Dada zetu mnaofanya kazi za ndani na kukusanya makopo ya kuuza, nanyi mna haki. Simama mahali unapoona namba. Angalia sifuri kabla mzigo haujapanda. Uliza kilo ngapi, bei gani, uandike kwenye simu. Ukinunuliwa kwa "makadirio", beba mzigo wako uende kwingine.

Jamani, kikundi hujengwa kwa kuaminiana, na hela ya wengi haipimwi kwa macho. Kwenye kikao kijacho, kabla hamjapiga kura ya mizani ipi, mmoja wenu asome kibao kwa sauti, wote wasikie.