Jirani Mwenye Nguvu na Vyama vya Mataifa

Ardhi ya Kongo ni karibu mara 90 ya ile ya Rwanda. Hata hivyo, tangu mwaka 1996 askari wa jirani huyo wametushinda si mara moja. Ndiyo sababu serikali zetu hutafuta marafiki katika vyama vya mataifa. Lakini kila chama kina sheria zake, naye aingiaye hufungwa nazo.

Mwaka 1997 Laurent Kabila aliiingiza nchi katika SADC, chama cha kusini mwa Afrika. Wazee wa Fizi wamfahamu vema: tangu 1967 aliishi na waasi wake katika milima yetu. Rwanda haimo katika SADC. Kwa hiyo, vita vilipozuka Agosti 1998, Zimbabwe, Angola na Namibia zilileta askari na ndege kuitetea Kinshasa. Mji mkuu uliokoka. Kwetu msaada huo haukufika. Siku za mwaka mpya wa 1999, waasi waliosaidiwa na Rwanda waliua mamia ya raia huko Makobola.

Mwaka 2022 tukaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Rwanda imo tangu 2007. Kwa wachuuzi wa Baraka, ambao Kigoma iko ng'ambo ya ziwa lao, ilikuwa habari njema. Lakini jirani uketiye naye baraza moja, baraza hilo halitakupigia. Askari wa Kenya waliofika Goma Novemba 2022 kwa jina la Jumuiya walikaa kati ya pande mbili; Kinshasa ilitaka wawashambulie M23, ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamethibitisha kwamba husaidiwa na jeshi la Rwanda. Desemba 2023 majeshi ya Jumuiya yakaondoka, nayo SADC ikaleta askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania (ambayo, angalieni, ni mwanachama wa vyama vyote viwili). Goma ikatekwa Januari 2025, Bukavu Februari. Machi SADC ikaacha kazi hiyo.

Twaona kwamba kuingia Jumuiya hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kudai mpatanishi ashike bunduki.

Sasa Kinshasa imegeukia Marekani. Tarehe 4 Desemba 2025 marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano huko Washington. Tarehe 10 M23 wakaingia Uvira, na familia nyingi zikakimbilia Baraka kwa barabara ya ziwa, ile ipitayo Makobola.