Vijana Wawili Chini ya Wingu Moja

Asubuhi ya tarehe 11 Desemba 1941, ndege kadhaa za kivita aina ya Spitfire zilikuwa zikirudi kutoka mazoezini, Lincolnshire, Uingereza. Wingu lilikuwa zito. Marubani wakaona upenyo, wakashuka nao kwa kasi. Chini ya wingu hilo ilikuwa ikipita ndege ya mafunzo aina ya Airspeed Oxford, iliyotoka Cranwell. Kufumba na kufumbua, Spitfire moja ikagongana nayo.

Mkulima mmoja aliona. Alisema rubani wa Spitfire alihangaika na kifuniko cha kioo kilicho juu ya kichwa chake, akakisukuma nyuma, akasimama ili aruke. Ardhi ilikuwa karibu mno. Mwavuli haukuwahi kufunguka.

Huyo alikuwa John Gillespie Magee, mwenye umri wa miaka 19. Alizaliwa Shanghai, baba mmisionari Mmarekani, mama Mwingereza. Chuo Kikuu cha Yale kilikuwa kimempa ufadhili wa masomo, akauacha. Na kwa kuwa Marekani ilikuwa haijaingia vitani, mwezi Oktoba 1940 akajiunga na Jeshi la Anga la Kanada. Miezi mitatu hivi kabla ya kufa aliwatumia wazazi wake shairi la mistari 14 kuhusu furaha ya kuruka, "High Flight". Baba yake, kasisi jijini Washington, akalichapisha. Maktaba ya Bunge la Marekani ikaliweka kwenye maonyesho mwaka 1942. Januari 1986, chombo cha anga Challenger kilipolipuka na kuua watu saba, Rais Ronald Reagan aliazima maneno ya shairi hilo kuwalilia. Mstari wa kwanza na wa mwisho wa shairi hilo imechongwa kwenye jiwe la kaburi la Magee, kijijini Scopwick.

Kijana huyu anakumbukwa, na anastahili. Lakini toleo hili limeanza naye ili limfikie mwenzake.

Ndani ya ile Oxford alikuwamo kijana mwingine wa miaka 19, mwanafunzi wa urubani. Naye alikufa palepale. Hakuacha shairi. Katika simulizi nyingi za kifo cha Magee hatajwi kwa jina. Inatajwa ndege aliyogongana nayo, basi. Hilo si haki. Mama aliyepokea habari ya mwanafunzi yule hakuumia kidogo kuliko mama wa mshairi.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kasoro hii kwa karibu. Wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale waliotuachia jina la Kariakoo, walikufa kwa maelfu, wengi bila hata kuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakumbukwi kwa majina. Pengine hata zaidi, hadi 350,000.

Msomaji mwenye babu au mjomba aliyekwenda vitani asirudi, aandike jina lake leo, la baba yake na la kijiji chake, wakati wanaolijua wangali hai.

Mwanafunzi yule wa urubani aliitwa Ernest Aubrey Griffin.