Faini ya Kasi Isiishie Barabarani

Majuzi mwalimu mmoja, jirani yangu hapa Chechelesi, alinijia akiwa na karatasi mkononi. Polisi wa trafiki walikuwa wamempima kwa kifaa chao akipita katika kituo cha biashara kwa mwendo wa kilomita 62 kwa saa, mahali ambapo sheria inaruhusu 50. Faini yenyewe hakuihofia mno. Alichotaka kujua ni iwapo kampuni iliyolikatia bima gari lake, ambalo bado analilipia mkopo wa Sacco, ingempandishia ada mwaka ujao.

Nilimjibu kwamba alale usingizi. Jibu hilo lilimfurahisha yeye, lakini mimi limeninyima raha tangu siku ile.

Kabla sijaeleza kwa nini, yafaa tutazame haki ya dereva, kwani wengi wetu hulipa au huhonga kwa kutoijua sheria. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba mtu hawezi kutiwa hatiani kwa kosa la kasi kwa ushahidi wa shahidi mmoja tu anayetoa maoni yake kuwa gari lilikwenda mbio. Ndiyo sababu askari hubeba kile kifaa. Mwenye shaka na aombe kuonyeshwa kipimo, na akiona ameonewa, mahakama ipo. Akakane shtaka na asikilizwe. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 nazo zilipanga adhabu kwa ngazi: anayezidisha kasi kwa kilomita 1 hadi 5 hupewa onyo, 6 hadi 10, Sh500, 11 hadi 15, Sh3,000, na 16 hadi 20, Sh10,000. Jirani yangu aliangukia ngazi ya Sh3,000.

Akishalipa, mambo yamekwisha. Kwa kawaida kampuni ya bima haitapata habari. Katika nchi yetu ada ya bima hukadiriwa zaidi kwa thamani ya gari, kwa kazi linalofanya, na kwa madai ambayo mwenyewe amewahi kuwasilisha. Asiyedai hupewa punguzo. Lakini kutodai si sawa na kuendesha vyema! Wapo madereva wanaokwenda kama mshale mwaka baada ya mwaka na hawajadai hata shilingi, si kwa ustadi, bali kwa bahati. Hao nao hupewa punguzo.

Hebu tuwachukue walimu wawili wenye magari ya aina moja na umri mmoja. Mmoja hupita kwenye kituo cha biashara kwa kilomita 50, mwenzake kwa 90. Ada yao ni ile ile. Hatari anayoizua huyu wa pili haipotei hewani. Hugawanywa baina ya wote waliomo katika kapu la bima, na sehemu kubwa yake humwangukia yule mtembea kwa miguu ambaye hata kapu hilo halijui. Uingereza, dereva aliyetiwa hatiani kwa kasi huwekewa alama zisizopungua 3 katika leseni, na akifikisha 12 ndani ya miaka 3 aghalabu hupokonywa ruhusa ya kuendesha. Kampuni za bima huuliza habari za alama hizo, na mwenye nazo huweza kutozwa zaidi. Faini anaweza kuisahau. Ada ya kila mwaka itamkumbusha.

Wanafunzi wa fizikia watanielewa upesi. Nishati ya chombo kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa kasi. Kutoka 50 hadi 100 nishati haiwi mara mbili, bali mara nne. Hata zile kilomita 12 za jirani yangu, zinazoonekana chache, ziliongeza nishati ya gari lake kwa zaidi ya nusu. Piga hesabu mwenyewe.

Sisi wa Isiolo tuna sababu yetu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Zamani barabara ya kwenda Marsabit na Moyale ilikuwa ya changarawe na vumbi, na magari yaliondoka hapa mjini kwa misafara yenye ulinzi. Hapakuhitajika kifaa cha kupimia kasi. Mashimo yenyewe yalikuwa polisi. Katika miaka ya 2010 lami ilikamilika hadi Moyale, mwendo wa takriban kilomita 500, na tuliipokea kwa shangwe iliyostahili. Lakini mbuzi, ngamia na watoto wa shule hawakuhama. Wangali wanavuka palepale walipovuka babu zao.

Na hapa pana jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Sura ya 405, ile sheria ya bima ya lazima, inamtaka mwenye gari awe na bima ya kifo au majeraha ya watu wengine. Ngamia hamo, isipokuwa mkataba wako umeongeza kinga ya mali. Kadhalika, kinga hiyo ya lazima ina kikomo cha Sh3 milioni kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikiamuru zaidi ya hapo, salio ni la mwenye gari: shamba lake, mshahara wake, akiba yake ya Sacco.

Tena bima yenyewe huweza kuanguka. Kampuni ya United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Zote mbili zilijulikana sana kwa kukatia matatu bima. Sisemi kwamba kasi peke yake ndiyo iliyoziangusha. Ila nauliza: ni mfanyabiashara gani mwingine anayeuza ahadi ya mamilioni bila kufuatilia mwenendo wa anayemuuzia?

Najua pingamizi litakaloletwa, na ni zito. Tikiti ya kasi ikianza kupandisha ada ya bima, dereva atakuwa na sababu kubwa zaidi ya kutoa chai pale kando ya barabara, na askari mlafi ataongeza bei yake. Kosa lisiloandikwa halina rekodi. Aidha, mwendesha bodaboda anayehangaikia chakula cha siku, ada ikipanda, huenda akaiacha bima kabisa, na hapo aliyegongwa atakuwa amepoteza zaidi. Nayakubali yote mawili. Kwa hiyo singependa tuanze na bodaboda, wala na kosa lililoandikwa kwa mkono wa askari mmoja. Tuanze na matatu, mabasi na malori, kwa makosa yaliyonaswa na kamera au yaliyothibitishwa mahakamani, na rekodi ifutwe baada ya miaka 3 kwa aliyejirekebisha. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ndiyo inayoshughulikia leseni. Vyeti vya bima ya magari navyo siku hizi hutolewa kwa kompyuta. Kuziunganisha kumbukumbu hizo si muujiza.

Tumekwisha kujaribu njia ya chuma. Februari 2004, Waziri John Michuki alipoanza kutekeleza kanuni zake, matatu zilitiwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na kwa muda nchi ikapumua. Kisha mafundi wakajifunza kuvilegeza. Mkoba, nadhani, haulegezeki kirahisi hivyo.

Wakati tukingoja wakubwa wakubaliane, shule zenye mabasi zinaweza kuanza sasa. Bodi inapoajiri dereva huuliza leseni na cheti cha tabia njema. Na imtake pia aeleze kwa maandishi ni mara ngapi ametozwa faini ya kasi katika miaka 3 iliyopita, na wapi, kisha wakala wa bima aonyeshwe majibu hayo wakati wa kukadiria ada ya basi. Hilo halihitaji Bunge. Lahitaji mstari mmoja tu katika fomu ya maombi ya kazi, na mwalimu mkuu anaweza kuuongeza kabla ya muhula ujao.