Jirani, Usiiuze Redio Hiyo kwa Kilo

Jirani wa Kaloleni hapa Nairobi, nawe wa Makongeni, Mbotela na Maringo, hebu chungulia chini ya kitanda. Sitashangaa ukikuta redio iliyonyamaza, pasi isiyopata moto, king'amuzi kilichokufa na chaja zisizo na mwenyewe. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu atapita na mkokoteni, apime kwa kilo, akuachie shilingi chache. Kabla hujamwita, nakuomba unisikilize.

Juzi niliketi na fundi mmoja wa mtaa akifungua redio ya kaseti iliyotupwa. Alilegeza skurubu nne, kifuniko kikatoka. Akachomoa spika, akaigusisha betri ndogo ya saa ya ukutani, nayo ikakwaruza: krr! Nzima. Ikafuata mota ya kaseti, kisha transfoma nzito yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Akapasha moto chuma cha kulehemu, akayeyusha risasi kwenye bodi na kung'oa dayodi nne na kapasita. Kilichokuwa kimekufa ni mkanda wa mpira na waya wa umeme, basi. "Redio haifi yote," akaniambia.

Kumbe tunapouza kwa kilo, tunauza vilivyo hai kwa bei ya mfu. Tena safari haiishii hapo. Nyaya huchomwa ili shaba itoke, na moshi wa plastiki ile ni sumu. Mabaki hufika jaani Dandora. Risasi iliyo kwenye bodi na kwenye vioo vya televisheni za zamani huingia udongoni, na risasi huharibu ubongo wa mtoto anayekua. Watoto wa Dandora ni wetu pia. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na hata robo yake haikuthibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Sehemu yetu ni ile iliyo chini ya kitanda.

Ombi langu ni hili: tutenge Jumamosi moja kila mwezi, tukutane kwenye Ukumbi wa Kijamii wa Kaloleni. Ukumbi ule uliitwa "House of Commons" kwa sababu wanasiasa walijadiliana humo kabla ya uhuru. Safari hii tujadiliane kwa bisibisi.

Mwenye nyumba, lete kifaa kimoja tu. Fundi, tupe saa mbili za ujuzi wako. Vipuri vitakavyopatikana vitakufaa kazini. Kijana uliyemaliza shule na huna shughuli, njoo ujifunze kusoma bodi na kupima kwa mita, kwani huo ni mlango wa riziki. Yatakayobaki bila kazi tusiyachome. Tuyakusanye na kuyapeleka WEEE Centre, kituo cha hapa Nairobi kinachochakata taka za aina hii.

Tahadhari ni lazima. Kifaa kisifunguliwe kikiwa kwenye umeme. Kapasita kubwa huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo maikrowevu na televisheni za chogo ziachiwe mafundi wazoefu. Betri ya simu iliyovimba isitobolewe. Kulehemu kufanyike penye hewa, watoto wakiwa mbali, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Nyumba zetu za Kaloleni zimesimama tangu miaka ya 1940 kwa sababu kila kizazi kiliziba paa lilipovuja. Kutengeneza si jambo geni kwetu.

Redio ya marehemu baba iko kabatini mwangu, imefungwa kwa leso. Sijawahi kuthubutu kuiuza, wala kuifungua. Jumamosi hiyo nitaileta. Pengine itaimba tena, au spika yake itaimba ndani ya redio ya mwingine. Wewe utaleta nini?