Tovuti za mikopo zitaje bei waziwazi

Kampuni zinazotoa huduma za fedha mtandaoni zina mtindo mmoja siku hizi wa kuzirembesha tovuti zao, nao ni kuziacha bila urembo. Ukurasa huwa mweupe, rangi moja au mbili, maneno machache, na kitufe kimoja katikati. Wenye kazi hiyo hushikilia kwamba wepesi wa namna hii humpa mteja imani. Mimi si mbunifu wa tovuti. Hata hivyo, maneno ndiyo taaluma yangu, na nina swali ambalo naona halijaulizwa vya kutosha: maneno yanapopunguzwa, ni yapi yanayobaki na ni yapi yanayofukuzwa?

Swali hili linatuhusu sana sisi wa Thika na Ruiru. Kandokando ya barabara kuu iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012 pamejaa vyuo, na vyuoni humo mna vijana wengi wanaosomea tarakilishi. Baadhi yao huanza kujipatia riziki kwa kuwatengenezea watu tovuti hata kabla ya kuhitimu. Na papa hapa, Makongeni, Kiandutu, Kihunguro na Kimbo, ndiko wanakoishi wakopaji: mama muuza mboga, mwendeshaji bodaboda, kibarua wa kiwandani ambaye mshahara wake umechelewa. Mtengenezaji na mkopaji huenda ni majirani katika ploti moja.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea kazi yake nimsahihishie Kiswahili. Ulikuwa ukurasa wa kampuni changa ya mikopo, safi kama shuka lililopigwa pasi. Katikati paliandikwa maneno matano: "Pata Pesa Dakika Hii Hii." Chini kabisa, kwa herufi ndogo mno, "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Sarufi haikuwa na kasoro hata moja. Bei ya hiyo pesa ndiyo haikuwamo.

Hebu tuitazame sentensi hiyo ya mwisho, ambayo redio zetu huitamka mbiombio mwishoni mwa matangazo. Kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendwa, tena ni kitenzi-jina, hakina nafsi wala wakati. Nani atazingatia? Lini? Vigezo vipi? Kila mwalimu wa Kiswahili hufundisha kwamba kauli ya kutendwa humwezesha msemaji kumwacha mtenda nje ya sentensi. Mara nyingi hilo halina madhara. Lakini mahali ambapo watu wawili wanafunga mkataba wa fedha, mtenda ndiye mtu wa kwanza tunayemhitaji. "Taarifa zako zitakusanywa" ni sentensi iliyonyooka, na msomaji huipita bila kushtuka. Igeuze iwe kauli ya kutenda: "Tutasoma majina na nambari zote zilizo katika simu yako, na usipolipa tutawapigia watu hao." Ni nani angebonyeza kitufe baada ya kusoma hayo?

Nayo si mambo ya kubuni. Wakenya wengi wanakumbuka miaka ambayo wakopeshaji wa mtandaoni walimpigia mama mkwe, mwajiri au mchungaji kumtangazia deni la mtu. Malalamiko hayo yalichangia kuifanya sheria ya Benki Kuu irekebishwe Desemba 2021, na kanuni za Machi 2022 zikakataza kuitumia orodha ya majina ya mteja kwa namna hiyo. Septemba 2022 Benki Kuu ilipotangaza wakopeshaji wa kwanza kupewa leseni, walikuwa 10 tu kati ya waombaji 288. Kufikia mwaka 2025 orodha ilikuwa imepita kampuni 100.

Jambo la pili ni majina ya vitu. Tuliletewa Okoa Jahazi ya kukopa salio la simu, ikaja M-Shwari mnamo Novemba 2012, kisha Fuliza mwaka 2019. Majina matamu ya Kiswahili, mawili kati yake yakinukia bahari. Ila ukifika kwenye bei, lugha hubadilika. Malipo ya mkopo wa M-Shwari yalipoanza, asilimia 7.5 kwa siku 30, hayakuitwa riba. Yaliitwa, kwa Kiingereza, ada ya kuwezesha. Kiwango chenyewe hakikufichwa, na ni haki kulisema hilo. Lakini neno lina kazi yake. Ada kwa Mswahili ni malipo ya huduma: unailipa na mambo yamekwisha. Riba ni kitu kinachotembea na wakati, na ina historia nzito ya kidini inayomfanya mtu asimame afikiri. Anayesikia ada ya shilingi 75 kwa mkopo wa shilingi 1,000 haoni tatizo. Akikopa hivyo kila mwezi mwaka mzima, atakuwa amelipa shilingi 900 kwa kutumia shilingi 1,000 zile zile, bila kuhesabu ushuru.

Sasa, vijana wetu wakitaka kielelezo cha maandishi machache yenye kuaminika, wasiende mbali. Waingie kwa wakala yeyote wa M-Pesa. Huduma hii ilipoanza Machi 2007, wengi hawakujua lolote kuhusu pesa za simu, na bado waliiamini. Ukutani palibandikwa orodha ya gharama kwa shilingi, pamoja na nambari ya wakala. Ulitoa kitambulisho, ukatia sahihi katika daftari kubwa. Kisha ukaja ujumbe mfupi, unaosomeka hata katika simu ya mulika mwizi: nambari ya muamala, kiasi, jina la mpokeaji, tarehe na saa, salio. Nathubutu kusema kuwa ni miongoni mwa matini zilizosomwa sana katika historia ya nchi hii, na hakuna neno la kupoteza ndani yake. Hata utingo wa matatu ya Thika hutaja nauli kabla hujapanda. (Mvua ikinyesha ni habari nyingine.)

Weupe wa ukurasa, kwa upande wake, hauthibitishi chochote. Tapeli naye anaweza kuutengeneza kwa jioni moja. Asichoweza kukitoa kwa urahisi ni maneno yanayoweza kuchunguzwa: jina la kampuni kama lilivyosajiliwa, ili mtu alitafute katika orodha ya Benki Kuu, mahali ofisi ilipo, yaani mtaa na jengo, simu ambayo binadamu huipokea. Na kitufe kisiandikwe "Kubali" peke yake. Kiandikwe, "Nakopa shilingi 1,000, nitalipa shilingi 1,075 kufikia tarehe 30 Juni." Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliwaagiza watoaji wa huduma za fedha kwa simu waonyeshe gharama kabla mteja hajathibitisha muamala. Tovuti haina sababu ya kuwa nyuma ya ujumbe wa simu.

Najua kuna watakaosema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa fedha, au kwamba Thika watu huongea Kikuyu na Sheng. Mbona basi msamiati haukukosekana ilipohitajika kumvuta mteja? Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na huduma. Kampuni inayojua kumwita mtu kwa Kiswahili na kumdai kwa Kiingereza imeamua hivyo kwa hiari yake.

Walimu wa sekondari wanaofundisha uandishi wa tangazo, memo na barua pepe wanaweza kuongeza zoezi moja. Wape wanafunzi ukurasa wowote wa mikopo. Wamtafute mtenda wa kila kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa, kisha wauandike upya kwa maneno yasiyozidi 60, bei ikitangulia. Nimelijaribu na wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. Maneno 60 yaliwatosha, na wawili walibakiza kumi.