Kufukuzwa kazi: haki iko katika sheria, njaa iko nyumbani

Katika Lubumbashi, Kolwezi ao Bukavu, mufanyakazi akifukuzwa anatoka na barua na, kama ana bahati, malipo ya mwisho, ile dekonti. Kisha hapo ajipange mwenyewe. CNSS inalipa pensheni, ajali na magonjwa ya kazi, na posho za familia. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 haikuweka musaada kwa mutu aliyepoteza kazi.

Lakini sheria ya kazi ya mwaka 2002 si mbaya. Kifungu cha 62 kinakataza tajiri kufukuza mutu kwa sababu ya kabila, dini, mawazo ya siasa, mimba, sendika ao kwa kuwa alimushitaki. Kifungu cha 63 kinasema aliyefukuzwa bila sababu ya haki arudishwe kazini. Isipowezekana, tribunali ya kazi inamupangia malipo yasiyopita mishahara ya miezi 36.

Ni wangapi wanafika huko? Hakuna tajiri anayeandika katika barua kwamba anafukuza mwanamuke kwa sababu ya mimba. Anaandika kwamba kazi imepunguka, na kesho yake kiti kinapewa ndugu wa mukubwa. Mbele ya kufika tribunali, sheria inalazimisha kupita kwa inspekta wa kazi ili kujaribu kusikilizana. Miezi inapita. Mwenye nyumba hangojei, na shule inarudisha watoto. Tajiri anajua hayo yote: anatoa pesa kidogo, mutu anatia sahihi, na mambo yanaisha. Hivyo ubaguzi unashinda, si kwa haki, bali kwa njaa.

Ndiyo sababu mufuko wa kusaidia wasio na kazi si zawadi kwa wavivu. Hata ukilipa miezi michache tu, kwa michango ya matajiri na wafanyakazi, ungemupa mutu nguvu ya kungojea hukumu. Baraza la Taifa la Kazi, ambamo serkali, matajiri na sendika wanakaa pamoja, lingepaswa kuanza mazungumzo hayo.

Kwa sasa, aliyefukuzwa achunge mukataba, karatasi za mushahara na barua. Adai sababu iandikwe, kwani sheria inalazimisha. Na afike kwa inspekta mbele ya kutia sahihi, si kisha.