"Hawajawa Tayari": Neno la London Linalorudi Nyamira

Tangu Bunge la Kaunti ya Nyamira lilipopasuka pande mbili, kila upande na spika wake, hapa Mombasa nimesikia usemi mmoja ukirudiwa na watu mbalimbali: wale hawajakomaa, heri serikali ya Nairobi iichukue kaunti yao iwaendeshee. Kisii nako hakujatulia. Machi 2024 Seneti ilimwondoa naibu gavana wao. Mtu akiunganisha hayo mawili huona kesi imekwisha. Na baadhi ya wanaosema hivyo ni watu wa Pwani, ambao wazee wao walisimama na Ronald Ngala kupigania majimbo! Hilo ndilo lililonifanya niandike. Hoja ya "hawajawa tayari" ina ukoo wake, na ukoo huo ulipita hapa kwetu kabla ya kufika huko Kisii.

Mwishoni mwa Oktoba 1907 aliteremka Mombasa Mwingereza wa miaka 32, naibu wa Waziri wa Makoloni, jina lake Winston Churchill. Akapanda gari la moshi kwenda bara, akawekewa kiti mbele kabisa ya injini ili aione nchi vizuri, akafika mpaka Uganda. Mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari hiyo.

Hata kabla kitabu hakijatoka, Kisii ilikuwa imewaka moto. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma mkuki afisa wa serikali, Northcote, ambaye Wakisii walimwita Nyarigoti. Simulizi za huko zinamtaja mama mmoja mtabiri, Moraa, kuwa ndiye aliyewatia vijana ari. Northcote alipona, na miaka ya 1930 akawa Gavana wa Hong Kong, kwa hivyo mkuki ule haukumharibia kazi. Walioharibikiwa ni Wakisii. Keya waliletwa, kama walivyoletwa mwaka 1905. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na watu wenye mikuki na ngao wakamiminiwa risasi. Ukienda huko leo utaambiwa kwamba kichwa cha Otenyo kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na bado kinadaiwa.

Habari za mauaji zilipomfikia Churchill mezani kwake London, alikasirika. Aliandika kwamba mambo haya yanafanana na uchinjaji, na kwamba haiwezekani iwe lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi namna hii. Maneno hayo ni ya kweli, yamo katika kumbukumbu za serikali yao, na wanaompenda huyapeleka mbele kila anaposhtakiwa ukatili. Mimi sina haja ya kubisha kwamba alikuwa na huruma. Lakini katika waraka huohuo alikuwa na wasiwasi mwingine: Bunge la Uingereza likipata habari, mipango yao yote Afrika Mashariki itaingia doa.

Sasa tuvuke miaka ishirini na zaidi. Oktoba 1929 Lord Irwin, mwakilishi wa Mfalme huko India, alitangaza kwamba mwisho wa safari ya Wahindi ni kujitawala ndani ya himaya, mfano wa Kanada na Australia. London ikagawanyika. Viongozi wa vyama vyote vikubwa walikuwa tayari kwenda hatua kwa hatua. Aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote ni yuleyule aliyewaonea huruma Wakisii. Januari 1931 Churchill alijitoa katika uongozi wa chama chake cha Wahafidhina kwa sababu ya India. Mwezi uliofuata akamkejeli Gandhi hadharani kuwa ni wakili mchochezi anayejifanya fakiri nusu uchi, na kwamba inatia kichefuchefu kumwona akipanda ngazi za ikulu kuzungumza na mwakilishi wa Mfalme kama mtu na mwenziwe.

Hapo pa "mtu na mwenziwe" ndipo penye kiini. Mkisii aliyelala chini akivuja damu alistahili kuhurumiwa. Mhindi aliyeketi mezani akitaka hesabu alikuwa chukizo. Huruma haikumgharimu Churchill kitu, kwa sababu haikumtaka aachie madaraka.

Hoja za kundi lake, ambalo mwaka 1933 lilijiundia jumuiya ya "kuilinda" India, zilikuwa chache na zikirudiwa. India si taifa, walisema, ni jina la mahali tu. Mabaniani na Waislamu watachinjana. Wale wa tabaka la chini kabisa watakandamizwa na Mabrahmani. Wakulima hawajui siasa, wanaodai uhuru ni mawakili wachache wa mjini. Kila hoja ilijivika vazi la kumtetea mnyonge. Nyuma ya vazi kulikuwa na bidhaa pia: vitambaa vya viwanda vya Lancashire, ambavyo vilikuwa vimepoteza soko India na kuogopa Wahindi wakishika ushuru wa forodha. Mwaka 1934 Churchill alifikia kumshtaki Bungeni Samuel Hoare, waziri mwenyewe wa mambo ya India, kwamba aliwashawishi wafanyabiashara wa Manchester wabadilishe ushahidi wao. Hoare akaonekana hana kosa. Sheria ya India ikapita mwaka 1935, ikiwapa Wahindi serikali za majimbo lakini siyo serikali kuu.

Ugomvi huo ulikuwa na ndugu yake Kenya. Januari 1922 Churchill, sasa akiwa Waziri wa Makoloni, aliwaambia walowezi katika karamu London kwamba nyanda za juu ni za Wazungu. Wahindi wa Mombasa na Nairobi walikuwa wakidai haki ya kupiga kura pamoja na Wazungu katika orodha moja. Mwaka 1923 serikali ikawakatalia, ikasema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao ndiyo ya kwanza. Maneno matamu! Lakini aliyeteuliwa kuwasemea Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria alikuwa mmishonari Mzungu, na Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia mpaka 1944.

Na huko Kisii? Ardhi yenye rutuba, mvua ya kutosha, na bado mkulima hakuruhusiwa kupanda kahawa, zao lililowatajirisha walowezi. Eti angeshindwa kuitunza, magonjwa yangeenea mpaka mashamba ya Wazungu. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1930 ndipo Wakisii na Wameru walipofunguliwa mlango, tena kwa majaribio, vishamba vidogo chini ya jicho la afisa wa kilimo. Walikuwa "hawajawa tayari" hata kwa mche. Mlowezi alihofia mshindani wa kahawa, na alihofia pia kukosa vibarua, kwani mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine.

Hoja hizi zilirithiwa kama shamba. Lord Salisbury wa nne alikuwa miongoni mwa wakubwa waliopinga mpango wa India miaka ya 1930. Mwanawe, Lord Salisbury wa tano, ndiye aliyesimama mwaka 1961 kumshambulia Iain Macleod, Waziri wa Makoloni, kwa kuharakisha uhuru wa Afrika, Kenya ikiwemo. Baba kwa India, mwana kwa Afrika, na maneno yaleyale.

Kuna msomaji atakayeniuliza: je, mwaka 1947 India haikugawanyika, watu wakauana kwa malaki? Waliosema watachinjana hawakusema kweli? Ni swali la haki. Mauaji yalitokea na hayana udhuru. Lakini tangu 1909 ni serikali ya Uingereza iliyowawekea Waislamu wa India viti na kura zao mbali, kisha ikashangaa siasa kufuata dini. Kenya pia walifanya vivyo hivyo: Mzungu orodha yake, Mhindi yake, Mwarabu yake, na Mwafrika akaachwa mpaka 1957. Anayejenga ukuta nyumbani kwako miaka arubaini asije akatumia ukuta huo kuwa ushahidi kwamba nyinyi hamuwezi kukaa pamoja.

Turudi Nyamira. Sisemi mambo yao ni mazuri. Bunge la kaunti likigombana bajeti hukwama, na bajeti ikikwama anayeumia ni mgonjwa wa zahanati na mkulima wa chai anayesubiri barabara. Mwizi wa mali ya umma anastahili mahakama. Lakini Katiba ya 2010 haikuwaacha watu hivihivi. Kifungu cha 192 kinampa Rais uwezo wa kusimamisha serikali ya kaunti, baada ya tume huru kuchunguza na Seneti kuridhia, na kwa muda usiozidi siku 90, kisha wananchi wenyewe wapige kura upya. Hata pale mlango ulipofunguliwa kwa dharura, ufunguo umerudishwa kwa mpiga kura. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Nairobi itawaendeshea mpaka wakomae.

Tena tumeshaona mfano. Makueni walifika pabaya kuliko Nyamira. Mwaka 2014 mpaka risasi zilipigwa. Tume ikaundwa, ikapendekeza kaunti isimamishwe, na Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Gavana Kivutha Kibwana na watu wake wakaachiwa wamalize wenyewe. Baadaye Makueni hiyohiyo ikawa inatembelewa na kaunti nyingine kujifunza mpango wake wa afya.

Mimi, nikimsikia mtu wa Mombasa akisema Nyamira ichukuliwe, humuuliza swali la Lancashire: ikichukuliwa, nani anauza vitambaa? Zipo ofisi Nairobi ambazo hazijapata kuridhika kuachia kazi na fedha za kaunti, na kila mwaka magavana hulia kwamba mgao umechelewa, wetu wa Pwani wakiwemo. Siku ofisi hizo zikikubaliwa hoja ya "hawajawa tayari" kwa Wakisii, sijui sisi tutasimama na cheti gani cha ukomavu, maana Kilifi, Lamu na Tana River nazo zina makovu yao.

Wanyamira wanalo jawabu lao karibu. Uchaguzi ni Agosti 2027, na wale wawakilishi wa wadi waliogawana Bunge watalazimika kurudi Ekerenyo, Nyansiongo na Manga kuomba kura kwa watu walewale waliokosa huduma.